Ruhusa, Idhini na Ridhaa: Uhakiki wa Istilahi za Dashibodi katika Takwimu za Afya

Kazi ya kusanifu istilahi haimaliziki siku neno linapotiwa katika orodha. Huanza upya siku neno hilo linapofika mikononi mwa watu wenye kazi ya kufanya, kwani hapo ndipo linapopimwa kama linaibeba maana iliyokusudiwa au linaibwaga njiani. Katika makala haya tumekusudia kuyahakiki maneno machache yanayotumika kueleza jambo moja la fani ya kompyuta, yaani namna ya kumwandalia kila mtumiaji wa mfumo wa takwimu ukurasa wake wa muhtasari, ukamwonyesha yale tu anayostahili kuyaona kwa mujibu wa kazi yake. Ukurasa huo ndio unaoitwa dashibodi.

Tumechagua kuyatazama maneno hayo yakiwa kazini katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, takwimu za afya hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka zahanati ya kijiji mpaka wizarani, na kila ngazi ina mipaka yake ya kuona na kutenda. Pili, Simiyu ni mkoa ambao majina ya maeneo yake yenyewe yanamtaka mwana-istilahi awe mwangalifu, kama tutakavyoonyesha.

1. Jambo lenyewe

Watumishi wa afya nchini Tanzania wanaujua vizuri Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kwa kifupi huitwa MTUHA. Mfumo huo ulienea katika miaka ya 1990 ukiwa mfumo wa vitabu vyenye namba. Wagonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu cha 5, wanaojifungua katika Kitabu cha 12, na kadhalika. Mwisho wa mwezi tarakimu hujumlishwa na kupelekwa ngazi ya juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kazi ya kukusanya na kujumlisha ilihamia katika programu iitwayo DHIS2, ambayo chimbuko lake ni mradi unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo hapa kwetu ilirekebishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika programu hiyo, yale aonayo mtumiaji hutegemea vizuizi vitatu vilivyo mbalimbali:

(a) Kizuizi cha kwanza ni cha matendo. Mtumiaji hupewa fungu la mambo awezayo kufanya, kama vile kuingiza tarakimu, kuzirekebisha, kuzifuta, au kuunda dashibodi mpya.

(b) Kizuizi cha pili ni cha eneo. Mtumiaji hufungwa kwenye kituo kimoja, au halmashauri moja, au mkoa mzima, na takwimu za nje ya eneo lake hazionekani kwake.

(c) Kizuizi cha tatu ni cha kitu chenyewe. Kila dashibodi ina mwenyewe aliyeiunda, na mwenyewe huyo huamua ni watu gani au makundi gani waione tu, na ni yapi yaweze pia kuibadilisha.

Kizuizi cha pili kina jambo la kustaajabisha kidogo. Mtaalamu anaweza kuunda dashibodi moja tu na kuiagiza isome eneo la yeyote atakayeifungua. Mganga Mkuu wa Mkoa akiifungua Bariadi, ataona takwimu za Simiyu yote. Mganga Mkuu wa Halmashauri ya Maswa akiifungua dashibodi ileile, ataona za Maswa. Hapana aliyehitaji kuunda nyingine.

Jambo hili si geni kwa wakulima wa pamba wa Simiyu, ijapokuwa chombo ni kipya. Mkulima auzapo pamba hubaki na stakabadhi yake. Karani wa chama cha msingi ana daftari la wakulima wote wa chama hicho. Chama kikuu kina jumla za vyama vya msingi. Uzani uliopimwa ni uleule, lakini kila mtu ana karatasi inayolingana na kazi yake. Wazo hilo, basi, tunalo. Tatizo liko katika maneno.

2. Dashibodi au ubao?

Wako wanaolikataa neno dashibodi kwa kuwa ni la mkopo, nao hupendekeza ubao wa taarifa. Twaheshimu nia yao, lakini twaona ya kuwa pendekezo hilo lina hitilafu ya maana.

Ubao, katika maisha ya Mtanzania, ni kitu cha hadharani. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji hubandikwa mapato na matumizi ili kila apitaye asome. Hautambui cheo cha msomaji wala haubadiliki kwa ajili yake. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na ndiyo sababu wananchi huudai. Dashibodi tunayoizungumzia ni kinyume chake: haifunguki mpaka ujitambulishe, na ikifunguka hukuonyesha yako. Tukiiita ubao, tutakuwa tumeahidi uwazi usiokuwapo, na mwananchi atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini ubao umefungwa.

Neno dashibodi, kwa upande wake, limekwisha ingia nchini kwa mlango wa gereji. Dereva wa basi la Bariadi na Mwanza anaijua dashibodi kuwa ni pale mbele yake penye mishale ya mafuta, mwendo na joto la injini. Abiria hawaisomi. Yeye huisoma kwa sababu ndiye mwenye usukani. Hiyo ni sitiari kamili: vipimo vichache, vilivyowekwa mbele ya macho ya mwenye dhamana, ili aamue upesi. Hata katika lugha ya Kiingereza neno hilo lilianza kwa ubao wa gari la farasi uliozuia matope yanayorushwa na kwato, kisha likahamia katika motokaa, na hatimaye katika kompyuta. Hatuoni sababu ya kuikatiza safari hiyo hapa kwetu. Tena umbo lake limekubali sauti na ngeli za Kiswahili bila ya taabu: dashibodi hii, dashibodi zetu.

Hata hivyo neno ubao lisitupwe. Ziko kurasa za takwimu zilizo wazi kwa watu wote, zisizodai utambulisho. Hizo ndizo zistahilizo kuitwa ubao wa umma. Tukiyatenga maneno haya mawili, lugha itakuwa imefanya kazi ya sheria: msomaji atajua kwa jina tu kama ukurasa ni wa wote au ni wa wenye kazi.

Na tofauti hiyo si ya mapambo. Katika zahanati ya kijiji, idadi ya wagonjwa wa maradhi fulani kwa mwezi yaweza kuwa 1. Wizarani hiyo ni tarakimu. Kijijini ni mtu, na majirani watamtambua. Mtaalamu aliyefundishwa kuwa dashibodi ni ubao tu, ataibandika mahali pasipostahili.

3. Kubinafsisha

Hapa ndipo twaona kosa kubwa zaidi. Katika maelezo mengi ya fani ya kompyuta husomwa ya kuwa dashibodi "imebinafsishwa" kwa mtumiaji. Mwenye kuandika hivyo amelitazama umbo la neno, akaona binafsi, akadhani amefika.

Lakini kitenzi kubinafsisha kina mwenyewe. Tangu miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa au kukabidhiwa kwa watu na makampuni, Watanzania wamekisikia kitenzi hicho kwa maana hiyo moja. Mwambie mwananchi yeyote ya kuwa takwimu za hospitali zimebinafsishwa, atakuuliza zimeuzwa kwa nani. Hatakuwa amekosea, aliyekosea ni mwandishi.

Kivumishi binafsi nacho kina mizigo miwili. Katika hospitali binafsi kina maana ya isiyo ya serikali. Katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kina maana ya taarifa zinazomhusu mtu anayeweza kutambulika. Sasa "dashibodi binafsi" ni ipi? Ni ya kituo kisicho cha serikali? Ni yenye taarifa zinazolindwa na Sheria hiyo? Au ni ya mtumiaji mmoja tu? Neno moja limebebeshwa mambo matatu, na katika ofisi moja ya afya mambo yote matatu yapo.

Sisi twapendekeza dashibodi ya mtumiaji, bila ya kuunda kitenzi kipya. Tendo lenyewe lielezwe kwa Kiswahili kilichopo: kumwandalia mtumiaji dashibodi yake. Katika kauli ya kutendea Kiswahili kina nyenzo ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni kumtaja mnufaika ndani ya kitenzi chenyewe. Kuiacha nyenzo hiyo na kukimbilia kitenzi chenye ubini ni kuwa na maji kisimani ukaenda kuazima.

4. Ruhusa na jamaa zake

Vile vizuizi vitatu tulivyovitaja, (a), (b) na (c), mara nyingi hutajwa kwa neno moja tu: ruhusa. Mtumiaji akikwama, huambiwa hana ruhusa. Tuuchukulie mfano wa muuguzi wa zahanati iliyo mbali na Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, ambaye amefungua dashibodi akaikuta tupu. Anampigia simu mratibu, na mratibu anamjibu ya kuwa hana ruhusa. Jibu hilo lina tafsiri tatu. Huenda jukumu lake halimruhusu kutazama dashibodi. Huenda eneo lake halikuandikwa, au limeandikwa kituo kingine. Huenda mwenye dashibodi hakulishirikisha kundi la wauguzi. Dawa za maradhi hayo matatu ni tofauti.

Mratibu asiye na maneno ya kuyatenganisha atafanya lililo rahisi: atampa muuguzi ruhusa zote, ili kazi iendelee. Kuanzia siku hiyo muuguzi wa zahanati moja anaweza kuziona, na pengine kuzirekebisha, takwimu za halmashauri nzima. Mfumo huo waweza kuhifadhi pia kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, na mahali zinapohifadhiwa hatari huwa kubwa zaidi. Hapakuwa na nia mbaya hata chembe. Palikuwa na upungufu wa msamiati.

Liko tatizo jingine, nalo ni la hospitali hasa. Katika wodi zetu mgonjwa aliyepona na kwenda nyumbani huambiwa ameruhusiwa. Kichwa cha habari kisemacho "Walioruhusiwa leo" kikitokea katika skrini ya hospitali, kila mwuguzi atatafuta majina ya wagonjwa, wala si ya watumiaji wa mfumo. Aidha mtumishi anayeomba kutofika kazini huomba ruhusa. Neno limechoka kwa kazi nyingi.

Je, jamaa zake wanafaa? Tuwapime mmoja mmoja:

Kibali ni hati ya mamlaka, kama kibali cha ujenzi. Huombwa, hulipiwa pengine, na huwa na muda. Hakifai kwa jambo linaloambatana na kazi ya mtu ya kila siku.

Idhini ni kauli ya mkubwa juu ya tendo moja: idhini ya matumizi, idhini ya safari. Yafaa sana kwa hatua ambapo mratibu huzikubali takwimu za mwezi kabla hazijapanda ngazi. Haifai kwa hali ya kudumu.

Ridhaa ni kukubali kwa yule ambaye jambo linamhusu mwili wake au siri yake. Mgonjwa hutoa ridhaa kabla ya upasuaji. Neno hili liachiwe mgonjwa. Mfumo unaochanganya ridhaa ya mgonjwa na ruhusa ya mtumishi utafika mahali pa kudhani kwamba mtumishi akiruhusiwa na mkubwa wake, mgonjwa amekwisha ridhia. Hilo ni kosa la lugha linalozaa kosa la haki.

Haki ni kitu ambacho mtu anacho hata asipopewa. Mgonjwa ana haki ya kujua taarifa zake. Mtumishi hana haki ya kuzijua za mgonjwa. Ana jukumu linalomlazimu kuzijua. Kwa hiyo usemi "haki za mtumiaji" kwa maana ya kizuizi (a) unapotosha.

Cheo nacho kisitumike. Fungu la matendo halifuati ukubwa wa mtu. Mtakwimu wa mkoa aweza kuwa na matendo mengi katika mfumo kuliko Mganga Mkuu wa Mkoa, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa kazi ya kurekebisha mfumo ni yake. Tukiliita fungu hilo cheo, kila mkubwa atadai apewe kubwa zaidi.

5. Wilaya na halmashauri

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na eneo la Busega lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Leo mkoa una wilaya tano, lakini una halmashauri sita, kwa sababu Wilaya ya Bariadi ina halmashauri mbili: ya Mji na ya Wilaya.

Maelezo ya kompyuta yaliyotafsiriwa aghalabu huita ngazi iliyo chini ya mkoa "wilaya", kwa kufuata neno la kigeni. Lakini takwimu za afya hukusanywa kwa halmashauri. Dashibodi yenye kichwa "Wilaya ya Bariadi" yaweza kuwa na mojawapo ya maana tatu: takwimu za Halmashauri ya Wilaya peke yake, za Halmashauri ya Mji pamoja nayo, au za Bariadi ya kabla ya 2012, iliyokuwa na Itilima ndani yake. Mtu anayelinganisha idadi ya watoto waliochanjwa katika miaka miwili ataona imepanda au imeanguka, kumbe kilichobadilika ni mpaka.

Mambo haya humgusa pia mtumiaji mmoja mmoja. Ikiwa eneo la mtumiaji limeandikwa "Bariadi" bila ya kufafanuliwa, kosa halitaonekana mpaka mtu aone asichostahili, au akose anachostahili. Twapendekeza basi neno eneo la mtumiaji litumike kwa kizuizi (b), na kila eneo litajwe kwa jina lake kamili la kiutawala. Istilahi ya jumla haitoshi pasipo nidhamu ya majina.

6. Kushiriki na kufikia

Tumalizie na vitenzi viwili. Cha kwanza ni kushiriki. Skrini nyingi humwamuru mtumiaji "shiriki faili hii" zikiwa na maana ya kumpa mwingine nafasi ya kuiona. Kushiriki ni kuwa mmoja wa wafanyao jambo: nimeshiriki msiba, nimeshiriki mbio. Anayempa mwenzake sehemu humshirikisha. Silabi moja iliyoachwa imegeuza mtoaji akawa mpokeaji. Kwa kizuizi (c), istilahi iwe ushirikishaji.

Cha pili ni kufikia, pamoja na nomino yake ufikiaji. Husemwa "ufikiaji wa data". Kwa Mswahili, mgeni hufikia kwa mwenyeji wake, na basi hufikia stendi. Hatukatai ya kuwa neno laweza kupanuliwa maana. Lakini hapa linaficha jambo linalotakiwa kusemwa. Mwenye "ufikiaji" anaweza kufanya nini? Kuona? Kuingiza? Kurekebisha? Kufuta? Kupakua na kuondoka nazo? Vitenzi hivi vitano vyote ni vya Kiswahili, vinaeleweka kwa mtumishi wa zahanati, na kila kimoja kina uzito wake. Orodha ya matendo ni bora kuliko nomino moja yenye ukungu.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari twaweka mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo:

Dashibodi: ukurasa wa muhtasari wa takwimu unaofunguka kwa mtumiaji aliyejitambulisha.
Ubao wa umma: ukurasa wa namna hiyo ulio wazi kwa watu wote.
Dashibodi ya mtumiaji: dashibodi inayosoma eneo na jukumu la aliyeifungua.
Jukumu la mtumiaji: fungu la matendo awezayo kuyatenda katika mfumo.
Eneo la mtumiaji: kituo, halmashauri au mkoa ambao takwimu zake anaweza kuziona.
Ushirikishaji: uamuzi wa mwenye dashibodi juu ya nani aione na nani aibadilishe.
Idhini: kukubaliwa kwa tendo moja na mwenye mamlaka.
Ridhaa: kukubali kwa mtu ambaye taarifa zinamhusu.

Neno ruhusa libaki katika mazungumzo ya kawaida, lakini lisiingie peke yake katika mwongozo wala katika skrini.

Watatokea watakaosema ya kuwa tunapasua unywele, kwa kuwa mfumo wenyewe husomeka kwa Kiingereza. Twajibu hivi. Skrini yaweza kuwa ya Kiingereza, lakini maelekezo ya simu kutoka Bariadi kwenda Meatu, mafunzo ya watumishi wapya, na lawama pale siri inapovuja, vyote ni vya Kiswahili. Tena tangu mwaka 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa ndiyo lugha ya sheria za nchi. Kanuni za kulinda taarifa za wagonjwa zitaandikwa na kufasiriwa kwa maneno haya haya, na hakimu atakayeulizwa kama mtumishi alikuwa na ruhusa hatakuwa na budi kuuliza: ruhusa ipi?

Wala tusiogope mkopo wala asili. Neno ikulu, lililokuwa na maana ya makazi ya mtemi katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, leo latumika Dodoma na Dar es Salaam bila ya mtu kuliona geni. Dashibodi imetoka gereji, nayo yaweza kukaa vizuri vilevile. Ambacho hatuwezi kukivumilia ni neno la Kiswahili safi lililowekwa mahali pasipo pake, kwa sababu hilo halimshtui msomaji. Humpoteza akiwa ametulia.

Twawaomba watumishi wa afya, watakwimu na walimu wa kompyuta wa Simiyu na wa mikoa mingine watuletee maneno wanayoyatumia wao wenyewe kwa mambo haya matatu, jukumu, eneo na ushirikishaji, pamoja na sentensi walimoyatumia. Neno lililokwisha fanya kazi zahanatini lina ushahidi ambao kamati haiwezi kuutunga.